Barua Iliyotangulia

Mwezi wa Oktoba 2007, wanafunzi kumi na wanne waliketi katika chumba cha kompyuta mjini Moroni, visiwani Komoro, wakapewa hojaji ya kurasa mbili. Chuo kilichowasajili kilikuwa ng'ambo. Wao wangesoma kwa mtandao, miaka mitatu, mpaka wapate shahada ya utawala. Kabla ya somo la kwanza, chuo kilitaka kujua kimepokea watu wa namna gani. Je, unajipangia ratiba mwenyewe? Je, unamaliza kazi bila kusimamiwa? Unapokwama, unatafuta msaada au unaacha? Kila swali lilikuwa na visanduku vitano, kuanzia "kamwe" hadi "daima".

Sittina Sounhadj alitia alama kwenye "daima" toka juu mpaka chini. Hakuona kwamba anadanganya. Aliponisimulia mambo haya miaka mingi baadaye, tulipokuwa tukifanya kazi chumba kimoja katika ofisi ya shule huko Itsandra, aliniambia kwamba siku ile aliamini kabisa ndivyo alivyo. Alikuwa hajawahi kuachwa peke yake. Shuleni walikuwapo walimu, kwenye Kurani alikuwapo fundi, yaani mwalimu wa madrasa, na kijiti chake, nyumbani alikuwapo mama. Kila mtihani alioufaulu, aliufaulu huku mtu amesimama nyuma ya kiti chake.

Baba yake, Mzee Sounhadj, alikuwa fundi cherehani katika soko la Volo Volo. Alizaliwa Majunga, akaletwa Ngazija mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, pamoja na maelfu ya Wangazija waliohamishwa kutoka Bukini, yaani Madagaska, baada ya mauaji ya kule. Alifika na nguo alizovaa, na shule hakurudi tena. Sasa binti yake, mwenye miaka ishirini na mmoja, alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wao kuingia chuo kikuu. Kila mteja aliyekuja kupimwa alisikia habari hiyo kabla utepe haujafika mabegani.

"Binti yangu anasoma Ulaya," alikuwa akisema, "na kila siku anakuja kula chakula cha mchana kwetu."

Hojaji zilipokusanywa, chuo kikawagawa wanafunzi katika vikundi, na kwa sababu ya zile "daima" zake, Sittina akateuliwa kiongozi wa kikundi cha tatu. Walikuwa watatu tu. Mmoja alikuwa Anziz, karani kutoka Ikoni, ambaye aliacha masomo kabla ya mwaka mpya. Wa pili hakuwa chumbani pale. Alikuwa kisiwa cha pili, Nzwani, mjini Mutsamudu: mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka ishirini na sita, aitwaye Nadjati. Walijuana kwa maandishi peke yake.

Nzwani wakati huo ilikuwa mkononi mwa rais wa kisiwa aliyekataa kuondoka madarakani na kukataa amri za serikali ya Muungano wa visiwa iliyoko Moroni. Umoja wa Afrika ulikuwa umeanza kuibana. Meli zilipungua, kisha zikapungua tena. Waliokuwa Moroni walisikia habari hizo redioni, wakakasirika au wakatikisa kichwa, halafu wakaendelea na shughuli zao.

Sittina naye aliendelea na zake. Wiki mbili za mwanzo alisoma kwa bidii. Wiki ya tatu akagundua kwamba hakuna anayeuliza. Masomo yalikaa pale kwenye kioo kama nguo zilizoanikwa. Ukizichukua leo au kesho, ni zile zile. Mtandao ulihesabu muda ambao mwanafunzi yumo ndani ya somo, basi akajifunza kulifungua somo na kuliacha wazi, huku yeye akizungumza na marafiki katika dirisha jingine au akitoka kununua vitumbua. Mwisho wa juma hesabu ilionyesha saa kumi na tano. Alipoitazama namba hiyo alijisikia vizuri, kama aliyesoma saa kumi na tano.

"Hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo," aliniambia. "Nilikuwa najidanganya mwenyewe, na mwenyewe ninakubali."

Kazi ya kwanza ya kikundi ilikuwa ripoti kuhusu namna vyeti vya kuzaliwa vinavyoandikishwa visiwani. Nadjati aliifanya. Aliandika yote kwa mkono nyumbani, kwenye daftari, kisha akaenda kwenye ghala moja la karafuu lenye jenereta, ambako mwenye ghala alimruhusu kutumia kompyuta kwa saa moja. Kwa hiyo alipoketi hakupoteza dakika. Alimtumia Sittina sura tatu zilizokamilika na ujumbe wa upole: "Mdogo wangu, mahali pako nimepaacha. Ukichelewa niambie, nitakusaidia."

Sittina aliandika ukurasa mmoja na nusu. Nadjati akausahihisha. Ripoti ikapelekwa na jina la kiongozi likiwa juu, ikapata alama kumi na tano kati ya ishirini, na Mzee Sounhadj akaitangaza alama hiyo Volo Volo kuanzia kwa wauza samaki mpaka kwa wauza vitambaa.

Ikaja Februari 2008. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kila mtu peke yake, kurasa ishirini, nusu ya alama za mwaka. Nadjati aliandika mara kwa mara, si kulalamika, bali kama mtu anayezungumza na rafiki:

"Petroli imekwisha mjini. Umeme unakuja saa mbili kwa siku na hatujui ni saa zipi. Jana nimetembea mpaka ghalani nikakuta foleni ya watu waliokuja kuchaji simu, nikarudi bila kuandika neno. Mama ana kisukari. Dawa yake ya sindano tunaiweka ndani ya mtungi, juu ya maji, ili joto lisiiharibu. Nikisikia askari wanapita uchochoroni, kwanza nautazama mtungi."

Sittina aliisoma barua hiyo mara mbili. Ilimhuzunisha kweli. Lakini hakujibu, kwa kuwa kujibu kungemlazimu kusema kazi yake imefika wapi, na haikuwa imefika popote. Zilibaki siku tisa. Hakuwa na hata kichwa cha habari.

Siku chache baadaye mkufunzi wao, mama mmoja wa ng'ambo ambaye walimjua kwa picha ndogo tu pembeni mwa kioo, alitoa tangazo: mwanafunzi aliyekwama Nzwani kwa sababu ya hali ya kisiasa aandike barua kueleza shida yake, ataongezewa muda.

Sittina alilisoma asubuhi, akaenda nyumbani, akala, akarudi. Adhuhuri hiyo akaandika kwamba alikuwa amevuka kwenda Mutsamudu kumwona bibi yake mgonjwa, meli zikasimama, akanaswa huko. Alipofika hapo akaona barua ni fupi na haina uzito. Akaifungua barua ya Nadjati katika dirisha la pili. Petroli imekwisha mjini. Umeme saa mbili kwa siku. Foleni ghalani. Akainakili sentensi baada ya sentensi. Ilipofika habari ya mtungi, akabadili neno moja tu: palipokuwa na "mama" akaweka "bibi".

Jibu lilikuja kesho yake. Mkufunzi alisema barua yake imemgusa sana na amempa wiki tatu zaidi.

"Nilipata wiki tatu," Sittina aliniambia, "na wiki mbili za mwanzo sikufungua hata kitabu."

Katika siku za mwisho alikaza, akaandika kurasa ishirini kwa siku nne, akapeleka.

Jumanne ya tarehe 25 Machi majeshi ya Muungano, yakisaidiwa na ya nchi za Afrika, yalishuka Nzwani. Moroni watu walikaa karibu na redio; wengine walishangilia barabarani. Simu za Mutsamudu hazikupatikana. Sittina alikuwa akisikia majina ya mitaa ambamo kwenye barua yake alijifanya anaishi, na kila jina lilimwingia kama mwiba. Kumbe siku tano kabla ya hapo, Nadjati naye, ambaye hakuwahi kuomba muda kwa sababu alidhani ataweza, mpaka siku ya mwisho ikampita, alikuwa amepata nusu saa ya umeme na kumwandikia mkufunzi. Aliomba wiki moja. Akaeleza hali yake kwa maneno aliyokuwa nayo, na maneno ya mtu kuhusu maisha yake si mengi: petroli, saa mbili za umeme, foleni, dawa ya mama ndani ya mtungi.

Mkufunzi akaikumbuka barua iliyotangulia. Akaziweka mbili hizo pamoja. Kisha akamwandikia Sittina kama kiongozi wa kikundi:

"Mwenzako ameleta barua inayofanana na yako karibu neno kwa neno. Yako ni ya mwezi uliopita. Ninalazimika kuamini kwamba ameinakili. Kama kuna maelezo mengine, nijulishe kabla Ijumaa haijaisha. Nisipopata neno kutoka kwako, nitachukua kwamba ndivyo ilivyo."

Sittina aliipata barua hiyo Jumatatu iliyofuata. Alikuwa na siku tano. Sentensi moja ingetosha. Jumatatu alisema ataandika akitulia. Jumanne alifungua ukurasa mtupu, akaandika "Mheshimiwa", akafuta. Jumatano hakwenda kabisa. Alibaki nyumbani akamsaidia mama yake kuchambua mchele ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Alhamisi alijiambia kwamba bado ipo Ijumaa. Ijumaa alitoka kwa nia, lakini chumba kilifungwa mapema kwa sababu ya sala, nalo hilo alilijua tangu zamani.

Hakusema uongo wowote safari hiyo. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukawa ndio ushahidi.

Nadjati alipewa sifuri na jina lake likaondolewa chuoni. Mwenyewe hakuwa na habari. Simu na umeme viliporudi vizuri Mutsamudu, katikati ya Aprili, alimwandikia Sittina, na barua hiyo Sittina aliikariri bila kutaka:

"Mdogo wangu, sielewi. Wananiambia nimenakili barua yako, uliyoiandika ulipokwama huku kwa bibi yako mgonjwa. Je, ulikuwa huku kwetu wakati ule? Mbona hukuniambia? Tungekupokea. Nyumba yetu ni ndogo lakini usingekosa mahali pa kulala. Bibi yako anaendeleaje?"

Aliniambia kwamba laiti Nadjati angemtukana, angejibu. Lakini kuulizwa hali ya bibi ambaye hayupo, na mtu uliyempokonya chuo, kulimfanya azime kompyuta na kutoka nje bila viatu. Ilibidi arudi kuvichukua.

Mwezi Mei matokeo yakatoka. Sittina alikuwa amefaulu mwaka wa kwanza. Mzee Sounhadj aliamua kusoma dua. Aliwaita majirani na mafundi wenzake wa sokoni, mama akapika, watu wakaja na kanzu zao safi, wakaketi kwenye mikeka wakamwombea binti huyo ilimu yenye manufaa. Sittina alikuwa chumba cha pili pamoja na wanawake. Kila waliposema "Amina", aliona uso wake unachemka. Shangazi mmoja akasema, "Mtazameni, ana haya kama bibi harusi," na wanawake wakacheka kwa upendo.

Siku ya tatu alikwenda kibandani kwa baba yake, saa ambayo wateja ni wachache. Mzee alikuwa akishona kanzu ya mtoto. Sittina akamweleza yote, toka hojaji mpaka Ijumaa ile. Cherehani ilisimama mahali fulani katikati ya habari na haikuendelea tena.

Mzee Sounhadj akauliza, "Mama yake huyo mwalimu, amepona?"

"Sijui, Baba."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Akauviringa utepe wake wa kupimia, akauweka kwenye droo. "Majunga walituchomea nyumba," alisema. "Mama yangu alikuwa akisimulia jambo hilo hapa, na siku moja mtu mmoja akalichukua, akalisimulia mbele ya wakubwa kama lake, akapata kiwanja. Mama alipokwenda, wakamwambia habari hiyo wameshaisikia. Sikupata kukueleza, maana sikudhani ungehitaji kuijua." Akaifunga droo. "Watu wa sokoni nitawaambia mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyewatangazia. Wewe una mtu wako wa kumwambia. Nenda kwake. Usipige simu."

Siku mbili zilizofuata kibanda kilikuwa kimefungwa. Siku ya tatu Mzee alikifungua, na mteja wa kwanza alipomuuliza habari za msomi, Sittina alikuwa karibu kiasi cha kumsikia baba yake akijibu, "Amekosea. Amemdhulumu mwenzake." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na siku hiyo aliirudia kwa kila aliyeuliza.

Sittina alivuka kwenda Mutsamudu mwanzoni mwa Juni, meli zilipoanza tena safari. Alichukia kuona jinsi mji ulivyofanana na barua: vichochoro vyembamba vya mji wa kale, kuta zilizokaribiana, ghala la karafuu njiani. Aliuliza nyumba ya mwalimu Nadjati na mara moja akaonyeshwa.

Nadjati alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania, amejifunga shiromani nyekundu, vazi la wanawake wa Nzwani, vidole vina vumbi la chaki. Sittina alipotaja jina lake, mwenzake hakumwacha amalize. Alimshika mikono yote miwili, akamwingiza ndani, akaita, "Mama, ni Sittina wa Moroni, yule tunayesoma naye."

Bi Moinafouraha, mama yake, alikuwa mwanamke mwembamba anayetembea kwa kushika ukuta. Alikataa kusikia habari yoyote kabla mgeni hajala. Ukaletwa wali, samaki wa nazi na majani ya muhogo. Sittina alikuwa amejiapiza melini kwamba atasema kabla ya kukaa. Akakaa. Akala. Kwenye pembe ya chumba, juu ya kigoda, palikuwa na mtungi uliofunikwa kitambaa cheupe. Alikula huku ameupa mgongo.

Bi Moinafouraha alipokwenda kusali, Sittina akasema. Alisema akitazama mkeka.

Nadjati alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sentensi zipi?"

"Dada, nime..."

"Nataka kujua ni zipi. Zitaje."

Sittina akazitaja. Petroli. Umeme. Foleni. Mwisho akaitaja dawa ndani ya mtungi.

"Hata hiyo," Nadjati alisema.

"Hata hiyo."

"Hiyo nilikuandikia wewe. Mkufunzi sikutaka hata kumwambia. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa sina tena jingine la kusema." Alitazama mlango wa chumba alimokuwamo mama yake. "Na ile Ijumaa, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Nadjati aliinuka, akafunga buibui lake, akachukua daftari. Walikwenda mpaka ghalani. Akamketisha Sittina mbele ya kompyuta, yeye akavuta kiti akakaa pembeni yake, karibu kabisa. Sittina alianza kuandika jinsi anavyoona aibu, jinsi anavyojuta. Nadjati akaweka kidole kwenye kioo.

"Futa hayo. Aibu yako haitanirudisha. Andika tarehe. Andika ulikuwa wapi tarehe hiyo. Andika barua yangu uliipata lini. Iambatishe."

Akaandika. Ilichukua saa nzima. Ilipokwenda, Nadjati alimshukuru mwenye ghala, akamsindikiza mgeni wake mpaka bandarini kama desturi inavyotaka, na hakusema neno la kusamehe wala la kulaumu. Sittina alisubiri mojawapo mpaka meli ilipoondoka.

Majibu ya chuo yalichukua wiki tano. Nadjati alirudishwa, kwa sharti la kuandika upya ile kazi moja. Mwaka wa Sittina ulifutwa na hakuruhusiwa kujisajili tena. Baadaye alijiunga na chuo cha hapa nyumbani, chenye madarasa na walimu wanaoita majina, akamaliza kwa kuchelewa, akapata kazi pale Itsandra nilipomkuta. Mimi nilimjua kama mtu ambaye barua ya ofisi haikulala mezani kwake. Wengine walimsifu kwa hilo. Yeye hakupenda kusifiwa, na niliposhindwa kuelewa kwa nini, ndipo akanisimulia.

Nadjati alipata shahada yake mwaka 2011. Mwaka huo huo alikuja Moroni kwa mkutano wa walimu, na Sittina, aliyekuwa Volo Volo akinunua ndizi, akajikuta wametazamana uso kwa uso kati ya mafungu ya mboga. Nadjati alikuwa na mwenzake kutoka wizarani. Walisalimiana. Sittina akauliza hali ya Bi Moinafouraha, akaambiwa amefariki mwaka uliopita, kwa ugonjwa wake ule ule. Akasema maneno yanayosemwa, yakamtoka mafupi.

Yule mwenzake alikuwa akingoja kujulishwa. Nadjati akamgeukia.

"Huyu ni Sittina," alisema. "Tulisoma pamoja."

Wakaagana, wakashika njia yao kuelekea kwenye teksi. Sittina alibaki amesimama na ndizi zake mpaka mwuzaji alipomwomba asogee, anawazuia wateja.